Michirizi Yangu na Tumbo la Kabula

Wateja wangu wengi ni wajawazito. Nina cherehani mbili kwenye kibanda cha mabati hapa Kalangalala, mjini Geita, na kazi inayonilisha ni yale magauni mapana yenye mikunjo kifuani, ambayo mwanamke huyavaa tumbo likiwa kubwa na huendelea kuyavaa akinyonyesha. Kwa hiyo nasikia mengi. Mteja akishasimama nyuma ya pazia, mikono juu, nikimzungushia futi, hufika mahali akashusha sauti.

"Fundi, hii michirizi huwa inaondoka?"

Siku hizi simjibu kwa maneno. Napandisha blauzi yangu namwonyesha. Wengine hugeuza macho. Mmoja alisema, "Mungu wangu, wewe ulibeba nini?" Nikamwambia nilibeba wawili, akacheka, nami nikacheka, na kupima kukaendelea. Lakini kuonyesha si kueleza, na nyuma ya pazia hakuna nafasi ya kueleza yote. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mimi si muuguzi. Shule niliishia darasa la sita. Ninachokijua ni nilichopitia, na sehemu kubwa yake haihusu ngozi, inahusu wivu. Kliniki waliniambia habari za damu, za presha, za chandarua. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanamke anaweza kutazama tumbo la mdogo wake wa damu akatamani lipasuke.

Tumezaliwa Ushetu, kwenye tumbaku. Mama alitangulia, baba akamfuata msimu uliofuata, tukabaki watatu: mimi, Kabula na Shija wa mwisho. Mimi nilikuwa mkubwa. Hakuna mtu aliyeniamuru niache shule. Asubuhi moja niliwavalisha wale wawili sare, nikawasindikiza mpaka njia panda, halafu nikageuka nikaenda kufunga majani ya tumbaku kwenye bani la jirani, lile banda la kukaushia. Shija sasa yuko Tabora na maisha yake. Kabula ni mwalimu wa sekondari Kahama. Shangazi alipomfungia Kabula sanduku la kwenda chuo, watu walinipongeza mimi. Nilipokea pongezi.

Mimba yangu niliijua mvua za kwanza zilipoanza. Wiki chache baadaye Kabula akapiga simu.

"Dada, umekaa?"

"Nipo kwenye cherehani, nimekaa."

"Na mimi ninayo!"

Nilipiga kigelegele mpaka muuza mitumba wa jirani akaja kuchungulia. Furaha ile haikuwa na doa. Naikumbuka kwa sababu baada ya hapo sikupata nyingine ya aina ile kwa muda mrefu.

Pamba ilipoanza kutoa maua vijijini, tumbo langu lilikuwa limeshafika mahali ambapo matumbo ya wenzangu hufika wakikaribia kuzaa. Kliniki tulikuwa tunakaa kwenye benchi refu la ukutani, kila mmoja na kadi yake, tukisogea makalio taratibu kuelekea mlangoni. Kwenye benchi hakuna siri. Joto likizidi, mtu analegeza kanga, anajipepea na kadi. Mimi nilikuwa natazama matumbo. Yaliyokuwa na michirizi niliyapita. Yaliyokuwa laini niliyatazama kama mtoto anavyotazama andazi la mwenzake.

Muuguzi aliyenipima kwa ile mashine ya picha alisogeza kile kidude mara mbili, akakunja uso, akasogeza tena.

"Mama, mko watatu humu ndani."

"Watatu?"

"Wewe na wenzako wawili."

Michirizi ilianza siku chache baada ya hapo. Kwanza muwasho chini ya kitovu. Nikajikuna juu ya gauni, nikajikuna kwa kitana, nikajikuna kwa ukingo wa meza ya cherehani. Halafu ikaja mistari myembamba, myeusi kwa myekundu, kama kitambaa kilichovutwa mpaka nyuzi zikaachana. Ilipanda. Ilizunguka kitovu, ikashika mbavu, ikateremka mapajani. Kila asubuhi nilikuta mwingine mpya. Majirani walisema ni kwa sababu nilijikuna. Muuguzi alisema hapana, ngozi imevutwa kuliko inavyoweza, nipake mafuta ya nazi kama yananituliza, na nisipake kitu kingine chochote. Alirudia hilo la mwisho huku ananitazama usoni.

Mume wangu, Masanja, ni mchimbaji. Anashinda kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na anaporudi anakuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Jioni moja alinikuta nimejifunua mbele ya kioo.

"Unajua sisi shimoni tukikuta jiwe lina michirizi hivi tunafanyaje?"

"Mnafanyaje?"

"Tunaruka. Maana hapo dhahabu imepita."

"Basi nenda ukalale na jiwe."

Alicheka, akavua shati akaenda kuoga. Nilimtazama tumbo lake lile, gumu, halina hata alama, na yeye ndiye aliyewaweka hao wawili mle ndani. Nilimwonea wivu hata yeye.

Pasaka, Kabula alikuja Geita. Alikuwa na miezi mitano. Alishuka kwenye basi na kitumbo kama bakuli lililofunikwa, miguu haijavimba, uso unang'aa. Nilikuwa nimemwahidi gauni, kwa hiyo tulivyomaliza kula nilimpeleka kibandani nikashusha pazia.

"Vua hiyo sketi, inanidanganya kiuno."

Akavua. Akabaki na kijisidiria na sketi ya ndani, akainua mikono. Nilipitisha futi chini ya matiti, nikateremka. Vidole vyangu vikagusa tumbo lake. Lilikuwa laini. Si laini ya mafuta, ni laini ya kitu ambacho hakijaguswa na shida, kama hariri ambayo bado iko kwenye karatasi yake ya dukani.

"Unapaka nini?" nilimuuliza.

"Sipaki kitu, dada. Labda mafuta yale ya mtoto nikikumbuka."

"Huwashwi?"

"Hapana. Kwani wewe unawashwa?"

"Kidogo."

Nilimfunga futi kiunoni nikaivuta mpaka akasema "Aii, dada, mtoto!" Niliilegeza nikamwomba radhi. Niliikata ile nguo vizuri, niliishona kwa mishono midogo, na nikamwekea mfuko wa pembeni kwa sababu anapenda mfuko. Mikono yangu haijui kufanya kazi mbaya. Lakini moyoni nilikuwa nasema: na hili pia. Yaani hata hili nalo limempata yeye.

Jumatatu ya Pasaka alipanda basi. Jumanne nilikuwa kwa Zuhura.

Zuhura anauza vipodozi sokoni. Ana mikono myeupe na viungo vya vidole vyeusi, kila mtu anajua maana yake, na bado kila mtu ananunua. Alitoa kopo jeupe lisilo na karatasi, krimu ya rangi ya samli ndani yake, harufu ya karafuu na kitu kingine kikali chini yake.

"Hii dada yangu ni ya matumbo. Paka asubuhi na jioni. Ukizaa, hata mume atauliza kama ni wewe."

"Mimba haina shida?"

"Wanapaka wake wa mabosi wa mgodini hao. Shida gani?"

Nilipaka. Na niwe mkweli kwenu mnaosoma: mwanzoni ilinisaidia. Muwasho ulikoma siku ya pili. Wiki ya pili michirizi ikaanza kufifia, ngozi ikawa nyeupe, nyororo, inateleza. Nilifurahi sana. Nilijipiga picha kwa simu nikamtumia Kabula, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani. Akajibu, "Hongera dada, umependeza." Nikaisoma mara nyingi. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba ngozi yangu ilikuwa inaliwa unene wake, lakini kwa macho ilikuwa inapendeza.

Nilijifungua watu wakivuna mpunga. Kulwa alitoka akilia, Doto akatoka kimya akapigwa kidogo ndipo akalia. Wasichana wote wawili. Kuanzia siku hiyo naitwa Mama Kulwa, na jina hilo nalipenda.

Mama mkwe alikuja kutoka kijijini kwao upande wa Kharumwa na jogoo mmoja, mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na shuka zake mwenyewe. Alikuja kunikanda. Kwa wasioijua, kukanda ni hivi: mzazi anawekewa maji ya moto, mama yake au mkwe wake anachovya kitambaa, anakamua, anakibandika kwenye tumbo na kukandamiza ili damu chafu itoke na tumbo lirudi, halafu analifunga kwa kanga kwa nguvu. Hufanywa asubuhi na jioni. Mama mkwe amekanda wanawake wa kijiji kizima. Mikono yake haisikii moto tena.

Sikumwambia habari ya krimu. Niliona aibu. Nilijua atasema ni mambo ya mjini.

Siku ya tatu alichovya kitambaa, akakamua, akabandika. Nilipiga kelele. Akadhani ni uchungu wa kawaida.

"Vumilia mayu, vumilia mama, kila mtu analia hapa."

Akakandamiza. Alipoinua kitambaa, ngozi iliinuka nacho. Kipande kama kiganja, chini ya kitovu, kikabaki kwenye kitambaa kama utando wa maziwa. Tulikitazama wote wawili. Kisha mama mkwe akaweka kitambaa chini polepole, akakaa sakafuni.

"Nimekuua," alisema.

"Hujaniua, mama."

"Nimekanda tangu sijaota mvi. Sijawahi."

Nilimwonyesha kopo. Alilinusa, akalifunga, akanitazama muda mrefu. Sikuona hasira.

"Ulikuwa unatafuta nini humu, mkwe wangu?"

Ningesemaje? Nilikuwa natafuta tumbo la Kabula.

Tulirudi hospitali, yeye amembeba Kulwa, Masanja amembeba Doto, mimi natembea nimeinama na kanga nimeishika isiguse kidonda. Muuguzi wa kliniki alipoliona tumbo hakuniuliza chochote, aliomba tu nimletee kopo. Daktari akasema niache mara moja. Nilipoacha, ndipo nilipoujua muwasho. Ule wa mwanzo ulikuwa mchezo. Tumbo zima liliwaka, likavimba, likatoa maji, na michirizi yote niliyodhani imeondoka ikarudi minene zaidi, mirefu zaidi, mingine mahali ambapo haikuwepo.

Msimu ule niliuhesabu kwa chumba cha kufunga vidonda. Mpunga uliisha kuvunwa, upepo wa baridi wa asubuhi ukaanza, vumbi la kiangazi likashika kila kitu, na mimi bado nilikuwa nakaa kwenye benchi lile lililo mkabala na mlango wa kijani. Wenzangu walikuwa mchanganyiko: aliyemwagikiwa na mafuta ya maandazi, mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe mguuni, bibi mwenye kidonda cha sukari. Niliwaonea wivu hata hao. Wao walipata ajali. Mimi nililipia yangu.

Yule mama wa maandazi ndiye aliyenisaidia kuliko dawa. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa mpaka kiwiko, lakini kwa ule mzima alikuwa anampakata Doto kila nilipoitwa ndani. Siku moja aliniambia, "Wewe unalia kabla hujaguswa. Lia ukiguswa, kabla ya hapo pumzika." Nimelitumia neno lile kwenye mambo mengi.

Kunyonyesha mapacha wawili huku tumbo ni kidonda ni kazi ya kujifunza. Mama mkwe alinishonea mto wa pumba, akauweka kama daraja, mtoto mmoja kila upande, miguu yao ikitazama nyuma yangu. Masanja alihamia kulala kwenye mkeka ili asinigonge. Hakutania tena habari za jiwe. Nilimkumbuka akitania.

Vitovu vya watoto vilipokauka na kuanguka, mama mkwe alisema ni lazima wachezewe ngoma. Mapacha kwetu hawapiti kimya. Nilimuuliza kanisani watasemaje.

"Paroko atabatiza. Sisi tutaimba. Hawagombani."

Wanawake wa ukoo walikuja na vibuyu vya njuga. Katika sherehe hii wazazi wa mapacha hutukanwa kwa nyimbo, matusi ya nguoni kabisa, na hawaruhusiwi kukasirika. Wakikasirika wanawatakia watoto mabaya. Kabula alikuja kutoka Kahama na tumbo lake la miezi saba, amevaa gauni langu. Hakujua habari ya kidonda. Nilimkataza mama mkwe asimwambie, na chini ya nguo yangu kulikuwa na bandeji inayonata.

Waliimba kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili ni kama hivi: mama wa mapacha tumbo lake majaruba ya mpunga, maji yamekauka panya wamechimba, baba wa mapacha alilima usiku, jembe akalisahau ndani. Watu walianguka kwa kicheko. Masanja alicheka mpaka machozi. Aliyekuwa anaongoza mstari wa majaruba alikuwa Kabula. Ana sauti nzuri tangu utoto, nayo nilimwonea wivu tangu utoto. Aliimba ameshika tumbo lake laini kwa mikono miwili, analitikisa, ananitazama kwa mapenzi yote anasubiri nicheke.

Nilicheka. Ilikuwa lazima. Shavu liliniuma kwa kucheka kule.

Alipoondoka sikumpigia simu. Alipopiga nilikuwa nanyonyesha. Alipopiga tena nilikuwa kliniki. Alipotuma ujumbe nilijibu kwa neno moja moja. Mimi niliyekuwa nampigia kila Jumapili tangu aingie kidato cha kwanza nikaanza kuwa mtu wa "poa" na "sawa". Nilikuwa naona kabisa kinachotokea. Tuliobaki kwa baba na mama ni watatu tu, na nilikuwa naikata ile kamba mwenyewe, uzi mmoja mmoja, kwa sababu ya ngozi ya tumbo.

Kidonda kilifunga kiangazi kikiwa kimekolea. Kilifunga vibaya, kwa kovu linalong'aa, lakini kilifunga. Na ndipo shemeji yangu wa Kahama, mume wa Kabula, akapiga simu.

"Dada, shikamoo. Kabula amejifungua. Kidume."

"Marahaba. Mungu mkubwa. Hawajambo?"

"Wazima wote. Yupo nyumbani tangu jana."

Nilijua kinachofuata. Anayemkanda mwanamke wa uzazi wa kwanza ni mama yake. Mama hatuna. Mkwe wake yuko Ushetu na miguu haimbebi. Katika nyumba yetu mama ni mimi, tangu ile asubuhi ya njia panda, na tulishasema tangu siku ya kigelegele kwamba nitakwenda.

Mama mkwe alikuwa amesikia. Akaziba simu kwa kiganja.

"Wewe mwenyewe ni mzazi. Una wawili wachanga na tumbo lililotoka kupona juzi. Hakuna mtu chini ya jua atakayekulaumu. Mwambie utakuja watoto wakikomaa."

Alikuwa ananipa mlango, na mlango ulikuwa wa halali. Kwa kweli nilishafungua mdomo kuupita. Nilikuwa najiona nimeketi mbele ya tumbo lile, sasa limezaa na bado ni jeupe halina mstari, nalikanda kwa mikono hii ili lirudi kuwa zuri zaidi. Sikutaka.

"Shemeji," nilianza.

"Usihangaike, dada," akanikatisha. "Najua una mapacha. Jirani yetu hapa, Mama Neema, amejitolea kumkanda. Anaanza jioni hii. Ni mtu mzuri sana, Kabula anampenda kama dada yake."

Sijui niielezeje. Ilinichoma kifuani haraka kuliko kitambaa cha mama mkwe. Mama Neema ni nani? Kamvalisha sare lini? Niliwahi kuona wivu wa kila aina msimu ule, lakini huu ulikuwa mkubwa kuliko yote, nao ulikuwa unaelekea upande mwingine.

"Mwambie Mama Neema apumzike," nilisema. "Nakuja."

Mama mkwe aliondoa mkono wake kwenye simu, akaenda kufunga michembe.

Tulisafiri watano kesho yake, mimi, yeye, watoto na jogoo mwingine. Kahama tulifika jua likiwa bado kali. Kabula alikuwa kitandani ameketi upande, ameinama kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimwagike. Midomo imekauka. Mtoto alikuwa amelala kwenye beseni lililowekwa kitenge. Nilimsalimia, nikamtazama mtoto, nikasema ana masikio ya baba. Kisha nikaagiza maji ya moto.

"Dada, usikande tumbo," alisema. "Walinipasua."

"Nani alikupasua?"

"Ilikuwa operesheni. Mtoto alikaa vibaya. Sikutaka uambiwe kwa simu, una mambo yako."

Nisingeandika haya kama nisingeandika na hili: kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Ilikuwa ni kama mtu amenishushia mzigo kichwani. Sasa na wewe, nilisema moyoni. Sasa na wewe. Nikafungua kanga yake nione.

Kidonda kilikuwa chini kabisa, chembamba, kimefunikwa kwa plasta, mahali ambapo hata nguo ya ndani inakificha. Juu yake tumbo lilikuwa limelegea kidogo, la mzazi, lakini ngozi ile ile. Hakuna mstari hata mmoja.

"Kha!" nilisema. "Hata kisu kimekuheshimu."

Kabula alianza kucheka, akajishika.

"Dada usinichekeshe, nyuzi zitakatika."

"Zikikatika nitashona. Ndiyo kazi yangu."

Akacheka tena huku analia kwa maumivu, akinipiga mkono. Mama mkwe aliingia na beseni la maji, akatuona, akaliweka chini akatoka akafunga mlango.

Nilichovya kitambaa. Halafu Kabula akasema, bila kunitazama, "Umenikasirikia tangu wakati wa mpunga."

"Sijakukasirikia."

"Dada. Mimi nafundisha watoto wa miaka kumi na tano. Najua 'poa' ikoje."

Nilikamua kitambaa. Maji yalikuwa ya moto kweli.

"Nakuonea wivu," nilisema.

"Wa nini?"

Nilisimama nikapandisha blauzi. Aliitazama michirizi, akalitazama lile kovu linalong'aa chini ya kitovu, akaweka mkono mdomoni. Nilimweleza krimu, kitambaa, benchi, bandeji siku ya ngoma.

"Na mimi nikaimba majaruba," alisema.

"Uliimba vizuri."

"Ni wivu wa tumbo tu?"

Kabula tangu mdogo haulizi swali ambalo hajui jibu lake. Niliangalia ukutani. Kulikuwa na picha yake ya mahafali, amevaa joho, na pembeni mimi nimesimama na maua, nimevaa gauni nililojishonea.

"Si wa tumbo tu," nilisema.

Machozi yalimtoka, akayaacha. Mtoto akakohoa kwenye beseni, akatulia. Baadaye Kabula alisema, polepole, "Ile siwezi kukurudishia, dada."

"Sijakuomba urudishe."

"Sasa nifanyeje?"

Ninyi mnaosoma mtaniuliza vilevile, kama wateja wangu: sasa nifanyeje. Msipake kitu kisicho na jina kwenye tumbo lenye mtoto, wala baada ya kuzaa. Mkishapaka, mwambieni anayewakanda kabla hajachovya kitambaa. Michirizi yenu itapoa rangi. Yangu ilikuwa kama damu ya mzee, sasa imekuwa kama majivu, na jua likiipiga inang'aa. Haijaondoka na sidhani itaondoka. Masanja ameanza tena kutania habari za jiwe, nami namfukuza kama zamani. Wivu nao haujaondoka. Mteja akisimama nyuma ya pazia na tumbo laini bado nausikia ukiamka, ukitazama, ukikaa. Nauacha ukae, naendelea kupima.

Siku ile sikuwa na jibu refu hivi. Nilikuwa na kitambaa mkononi, kinatoa mvuke.

"Geuka," nilimwambia. "Nikukande mgongo."

Aligeuka taratibu, mkono mmoja ameshikilia nyuzi zake. Mgongo wake ulikuwa mwembamba, mifupa yake ile ile niliyokuwa naisugua kwa gunzi tukiwa watoto. Nilibandika kitambaa katikati ya mabega nikakandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Moto?"

"Moto," alisema. "Usitoe."